Kwa mnaoanza dawati la kimataifa: pale rais anapokuwa wa huku na bunge la kule

Wadogo zangu mlioripoti juzi karibuni sana. Kwa msionijua mimi ndo yule wa kona ya dirishani anayekunywa chai ya rangi na kufuta vichwa vya habari vyenu. Nipo kwenye hii kazi ya kutafsiri na kusoma habari tangu mwisho wa 2018 na makosa mengi mtakayofanya mimi nishayafanya, tena mengine hewani. Leo nataka niongelee moja tu maana linatutesa kila mwaka, ile hali ya rais kutoka chama hiki alafu bunge, lote au upande mmoja, likashikwa na chama kile.

Kiukweli sisi Wabongo hatuna mazoea nayo. Tangu vyama vingi virudi 1992 ikulu na bunge vipo kwa chama kimoja, bajeti ikisomwa mwezi wa sita unajua itapita, kinachobaki ni kusikiliza majina yakiitwa mmoja mmoja na ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo. Na hata siku bunge likagoma, ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu rais kulivunja likikataa bajeti ya serikali. Sasa mtu uliyekulia na picha hiyo kichwani ukisikia rais wa Marekani amenyimwa hela na bunge na hana cha kulifanya, hawezi kulivunja, hawezi kuitisha uchaguzi, inabidi akae nao hivyohivyo mpaka miaka iishe, unahisi kuna kitu kimepinduka.

Mimi ndo nilivyohisi Desemba 2018, wiki yangu ya tatu kazini. Nikaandika "Serikali ya Marekani yafungwa", nikasoma, nikaenda kwenye michezo. Hatujamaliza matokeo ya ligi simu ikaita, mzee mmoja wa Tanga, sauti ya upole kabisa, "Mwanangu samahani, sasa huyo Trump amekimbilia wapi?" Fundi mitambo alicheka mpaka akatoka nje ya studio. Simu ya pili ilikuwa ya dada ana intavyuu ya viza Januari, anauliza aende au asiende. Hiyo ndo iliyoniuma maana yule mzee nilimjibu, huyu dada sikuwa na jibu, na nauli ya kutoka Mwanza alikuwa keshalipa. Jibu nikalipata jioni: huduma za viza zinaendeshwa zaidi na ada wanazolipa waombaji wenyewe kwahiyo mara nyingi zinaendelea. Tukampigia, akaenda.

Kwahiyo kabla hujaandika neno kufungwa, ambalo kule ni ofisi kusimama kwa kukosa hela za bunge, jiulize kimefungwa nini na nani hajalipwa. Bajeti yao haiji kama kitabu kimoja, ni miswada 12, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Oktoba, na ule msimu mitano ilikuwa imeshapita ikiwemo ya ulinzi, saba bado. Ndo maana wanajeshi wa jeshi la nchi kavu walipata mshahara wao kama kawaida huku walinzi wa pwani, ambao wako chini ya wizara ya usalama wa ndani, wakikosa. Watumishi kama 800,000 hawakulipwa, karibu nusu wakaambiwa wakae nyumbani na waliobaki wakaambiwa njooni kazini bila mshahara, wakiwemo wakaguzi wa viwanja vya ndege na waongoza ndege. Siku ya 35, tarehe 25 Januari 2019, waongoza ndege wachache hawakutokea, safari zikaanza kuchelewa LaGuardia pale New York na jioni yake mambo yakafunguliwa. Hotuba zilipigwa siku zote 35, lakini siku ndege ziliposuasua ndo watu walipatana.

Msidhani pia hii kitu ipo tangu enzi za kina George Washington. Sheria ya kuzuia ofisi kutumia hela ambazo bunge halijaidhinisha ni ya 1884, ila kwa miaka mingi hela zikichelewa ofisi zilikuwa zinajikaza tu na kuendelea. Mwaka 1980 ndo mwanasheria mkuu wao, Benjamin Civiletti, akaisoma ile sheria kwa ukali, kwamba hakuna hela hakuna kazi isipokuwa ya kuokoa maisha na mali. Kuanzia hapo ugomvi wa kisiasa ukapata tarehe ya mwisho yenye meno.

Tuje kwenye kosa langu la pili la ile wiki, ambalo ndo kubwa kuliko la mzee wa Tanga. Nilieleza kwamba serikali imefungwa kwasababu Demokrati wameshika bunge. Mhariri wa zamu, mama mmoja mkali hana mfano, akaniuliza leo tarehe ngapi. Nikamwambia 22 Desemba. Akaniuliza Demokrati wanaapishwa lini. Kimya. Walishinda Baraza la Wawakilishi, upande mmoja wa bunge lao (wa pili ni Seneti), Novemba ni kweli, ila walianza kazi 3 Januari, kwahiyo siku serikali inafungwa, Ikulu, Baraza na Seneti vyote vilikuwa kwa Ripablikani! Mgawanyiko ulikuja kuikuta imeshafungwa. Na mwaka 2025 ikawa hivyohivyo, Ripablikani wana kila kitu, na bado serikali ikafungwa siku 43 kuanzia 1 Oktoba mpaka 12 Novemba, ndefu kuliko zote zilizoitangulia, kwasababu Seneti kumaliza mjadala wa mswada kama ule kunataka kura 60 na wao walikuwa 53.

Hapo ndo nilipojifunza kitu ambacho nawaomba mkishike kuliko vyote. Ukiwa unaandika habari za nchi kama hizi yafute kichwani maneno mawili, chama tawala na upinzani. Kwetu yana maana, kule yanakupoteza. Mwaka 2019 Nancy Pelosi alikuwa upinzani? Alikuwa Spika, hakuna senti ya ukuta wa Trump wa mpaka wa Mexico iliyoweza kupita bila kupitia mezani kwake. Trump alikuwa chama tawala? Alitaka dola bilioni 5.7 za ukuta na mwisho akapewa bilioni 1.375 tu. Wote wawili wanatawala na wote wawili wanapinga, inategemea siku hiyo mswada upo kwenye mlango gani. Andika jina la chama na sehemu anayoishikilia basi, Demokrati walio wengi Barazani, Ripablikani walio wengi Seneti. Ni refu najua, ila halidanganyi.

Na hili neno Spika nalo liangalieni. Wasikilizaji wetu wakisikia Spika wanamuona mwamuzi aliyevaa joho, sijui kaa chini mheshimiwa, taarifa imekataliwa. Wa Marekani ni kiongozi wa timu, anaamua mswada gani uingie uwanjani na upi ufie kwenye droo. Baraza la Wawakilishi ndo usiseme, kuna kijana wetu aliandika "Baraza la Wawakilishi lagoma kuidhinisha fedha" bila kutaja nchi, Wazanzibari wakatupigia kuuliza Chukwani, lilipo Baraza la Wawakilishi lao, kumetokea nini. Kura ya turufu pia naichukia kidogo, sababu rais hapigi kura yoyote, anarudisha tu mswada na sababu zake, alafu msikilizaji anabaki anatafuta kura zilipigwa wapi. Mimi huandika rais amekataa kutia saini, nikitaka mbwembwe naandika turufu peke yake, maana karata kila mtu anazijua.

Sasa hesabu. Nina kikaratasi cha njano kwenye skrini, wengi mmekiona mkadhani ni namba ya mtu. Kimeandikwa 218, 60, na 2/3. Baraza lina viti 435 kwahiyo 218 ndo nusu na kitu, Seneti wapo 100 na hiyo 60 nishaieleza, na theluthi mbili ya kila upande ndo inayoweza kumshinda rais akikataa. Februari 2019 baada ya kunyimwa hela alizotaka Trump akatangaza hali ya dharura ili achukue hela kwingine. Baraza likapiga kura kuifuta, na Seneti ambayo ni ya chama chake mwenyewe ikaifuta kura 59 kwa 41, magazeti mengi yakaandika Trump abwagwa, na mimi nilikuwa na kichwa hichohicho tayari, nikatazama karatasi. Machi 15 akakataa kutia saini, tarehe 26 Baraza wakajaribu tena wakapata 248 dhidi ya 181. Ni wengi eti, lakini theluthi mbili ya hao waliopiga ni 286. Hali ya dharura ikabaki. Rais akiwa na theluthi moja na kitu tu ya watu wagumu kwenye upande mmoja wa bunge unaweza kumnyima cha kupewa lakini kumnyang'anya alichokishika ni kazi nyingine.

Alafu msije mkazoea kuandika "mkwamo" kila siku kwasababu ni neno tamu. Mwaka 2023 Biden alikuwa na Seneti, Baraza likawa la Ripablikani chini ya Kevin McCarthy, mtu aliyepata uspika kwenye raundi ya 15 ya kura, kila mtu akasema hapa hakipiti kitu. Ukomo wa deni, yaani kiwango serikali inachoruhusiwa kukopa, ukafika, Hazina ikataja 5 Juni kuwa siku hela zinaisha, na tarehe 3 Juni Biden akasaini. Barazani ilipita 314 kwa 117, na ukizichambua hizo kura Demokrati walikuwa 165 na Ripablikani 149, yaani mswada wa Spika umebebwa zaidi na wasio wake! Oktoba 3 wenzake wachache wakaungana na Demokrati wakamtoa. Kwahiyo ukiona wamegawanyika usikimbilie kusema wamekwama, tafuta tarehe. Kukiwa na tarehe yenye maumivu kweli watapatana, tena usiku wa mwisho. Pasipo na tarehe ndo vitu vinaozea, kama yule jaji Merrick Garland aliyeteuliwa na Obama kwenda Mahakama ya Juu Machi 2016, Seneti ya Ripablikani haikumsikiliza hata siku moja mpaka Obama akaondoka.

Mnaopangiwa Maziwa Makuu msilale mkidhani haya ni ya Washington, Kongo tumeyaona kwa karibu. Rais Tshisekedi aliapishwa 24 Januari 2019 huku FCC, muungano wa vyama wa Kabila, rais aliyemtangulia, ukiwa na viti zaidi ya 300 kati ya 500, na waziri mkuu akatoka hukohuko, Sylvestre Ilunga Ilunkamba, baraza la mawaziri likachukua miezi saba kutangazwa na karibu theluthi mbili ya nafasi zikaenda FCC. Nilikuwa nakaa deski moja na kaka mmoja wa Bukavu, akawa ananiambia, "Rais eko na kiti lakini nyumba ni ya mwingine." Mimi na kikaratasi changu nikawa naandika kwamba Kabila ana wabunge kwahiyo Tshisekedi hafurukuti. Yeye ananicheka, ananiambia hao usiwahesabu kama Wamarekani, subiri uone. Oktoba 2020 wakagombania majaji wa mahakama ya katiba, maspika wote wawili hawakwenda kwenye kiapo, Desemba 6 rais akatangaza ndoa imevunjika na kwamba asipopata wengi atalivunja bunge. Siku nne baadaye, nne tu, Spika Jeanine Mabunda akaondolewa kwa kura 281 dhidi ya 200. Wabunge walewale, bila uchaguzi mwingine wowote! Januari 27 na waziri mkuu naye kwaheri. Nilijifunza kwamba namba ni ya kuaminika kama chama kina kamba ya kumfunga mbunge wake, na pale kamba aliyeishika alikuwa ni yule anayeweza kuwarudisha kwenye uchaguzi. Kenya nao 2022 Azimio, muungano wa Raila Odinga, ilitoka kwenye uchaguzi na wabunge wengi kidogo kuliko Kenya Kwanza ya Rais Ruto, Oktoba Spika Wetang'ula akatangaza Kenya Kwanza 179 na Azimio 157, vyama vidogo vilikuwa vimeshahama.

Ila msigeuke mkadharau namba kabisa. Korea Kusini, usiku wa 3 Desemba 2024, Rais Yoon Suk Yeol amechoka na bunge la wapinzani wake linalomkatia bajeti na kuwang'oa maofisa wake, akatangaza utawala wa kijeshi, na wabunge 190 wakapenya mpaka ukumbini wakaufuta wote 190 kabla hakujakucha. Bunge kumshtaki ili aondolewe zilihitajika kura 200, wapinzani wote walikuwa 192. Tarehe 14 zikapatikana 204. Niliwaambia vijana wa zamu kichwa cha habari ni hao 12 wa kutoka chama chake mwenyewe.

La mwisho ni la saa, maana hakuna atakayewaambia. Tarehe 30 Septemba usiku wa manane kwao, kwetu ni saa moja kamili asubuhi ya 1 Oktoba, yaani ileile dakika mlio wa taarifa ya habari unalia. Ikisogezwa mpaka Desemba inakuwa saa mbili sababu wanarudisha saa zao nyuma. Kwahiyo ukipangiwa zamu hiyo andaa skripti tatu, imefungwa, haijafungwa, na ya tatu wamepeana bajeti ya muda ya wiki kadhaa, hiyo ya tatu iweke juu maana ndo utakayoisoma mara nyingi. Seneti ikipitisha usiandike imepita, subiri Baraza, Baraza likipitisha subiri saini. Na chai njoo nayo kwenye chupa, kantini yetu haifunguliwi kabla ya saa mbili.