Ziwekeni picha mbili pamoja

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza kama kijana anayeangalia muvi na klipu kwa ajili ya kujiburudisha anahitaji kweli kufundishwa kutambua dhana potofu za rangi, au tunamharibia starehe yake bure. Mi nasema anahitaji, tena mapema, ila namna inayotumika sana naona haifiki mbali. Watu wanafundishwa kuwinda uongo, yaani habari feki, picha iliyotengenezwa, mtu kasingiziwa maneno. Sasa hizi dhana za rangi mara nyingi hazihitaji uongo wowote, zinapita ndani ya picha halisi kabisa, na ukiitazama hiyo picha peke yake huoni tatizo liko wapi.

Chukua kimbunga Katrina kule New Orleans, Marekani, Agosti 2005. Zilitoka picha mbili za mashirika mawili ya habari, AP na AFP, zote watu wanapita kwenye maji ya kifuani wamebeba vitu vya dukani. Ya AP ni kijana mweusi, maelezo yakasema ametoka kupora duka. Ya AFP ni weupe wawili, maelezo yakasema wamepata mkate na soda dukani. Ukisoma moja tu unapita zako. Wasomaji walipoziweka bega kwa bega kwenye intaneti ndo watu wakashtuka, na wakakasirika, na walikuwa na haki. Lakini kilichofuata ndo natamani kila mwanafunzi akijue, manake pande zote mbili zilikuwa na maelezo: AP walisema mpiga picha wao alimwona yule kijana akiingia dukani na kutoka na vitu, na yule wa picha ya pili akasema wale wake vitu walivikuta vinaelea tu kwenye maji. Inawezekana kabisa kila mmoja alisema kweli yake. Ila msomaji wa kawaida hakupewa hayo yote, alipewa mweusi mwizi na weupe wenye njaa, wakati mafuriko ni yale yale na shida ni ile ile, na picha ya namna hiyo alishaiona mara nyingi sana kiasi kwamba haikumsumbua.

Mfano mwingine hauna hata neno moja. Juni 1994 O.J. Simpson, mwanamichezo mweusi maarufu wa Marekani, alipokamatwa kwa tuhuma za mauaji, magazeti ya Time na Newsweek walitumia kwenye jalada picha ile ile ya polisi. Newsweek wakaiacha ilivyo, Time wakampa msanii akaitia kiza, ngozi ikawa nyeusi kuliko ya mwenyewe. Mhariri wa Time akaja kusema hawakukusudia ubaguzi. Mi suala la nia naliacha, kinachoniuma ni kwamba ilipotakiwa sura nzito ya msiba, kilichoguswa ni rangi ya ngozi ya mtu mweusi.

Kwenye filamu ndo usiseme, mambo yanaamuliwa kabla kamera haijawashwa. Mwigizaji Anna May Wong alizaliwa Los Angeles, mwenye asili ya Kichina, tayari nyota, na bado nafasi ya mke Mchina kwenye The Good Earth ya 1937 akapewa Luise Rainer, mzungu, aliyeshinda nayo Oscar. Mume alikuwa anaigizwa na mzungu, na kanuni za Hollywood za wakati ule zilikataza mapenzi ya rangi mbili tofauti kwenye skrini. Mtazamaji aliyekaa ukumbini hakuiona hiyo kanuni, aliona filamu tu.

Wanaosema ni burudani tu nawaelewa, na wala sisemi kila mhalifu mweusi au kila gaidi Mwarabu kwenye stori ni kosa, stori inahitaji wabaya. Lakini angalieni nani anapewa mama, woga, utani na jina, na nani anaingia, anafyatua risasi, anakufa bila hata kuitwa jina. Mara moja sio kitu. Ikirudiwa miaka na miaka inakuwa ndo watu walivyo.

Na sasa hivi ni kugumu zaidi, hapa ndo wasiwasi wangu mkubwa ulipo. Time na Newsweek zilikaa jirani kwenye meza ya muuza magazeti, mpita njia yeyote aliona tofauti kwa macho yake bila kufundishwa na mtu. Simu haifanyi hivyo, ukitazama klipu moja ya watu wa rangi fulani wanapigana inakuletea nyingine kama hiyo, na nyingine, ile ya kulinganisha nayo haiji kamwe. Kwa hiyo kazi ya kuziweka pamoja inabidi ifanywe na mtu, mwalimu, mzazi, au kijana mwenyewe. Chukueni tukio moja kutoka vyombo viwili, ficheni maelezo, kila mtu aandike ya kwake, halafu mfunue muone nani kaandika kupora na nani kaandika kupata. Mkifika hapo mjadala utaanza wenyewe.

Na nyie wahariri, mkichapisha picha ya watu kwenye vurugu au janga, ongezeni mstari mmoja kutuambia mpiga picha aliona nini kwa macho yake na nini aliambiwa.