Maswali ya Wasomaji: Mchapishaji wa Muziki Ana Kazi Gani?

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mtunzi wa mashairi ya taarabu hapa Kisauni, Mombasa. Nyimbo zangu huimbwa na wengine arusini, na baadhi zimerekodiwa. Karibuni nimeletewa mkataba na mtu ajiitaye mchapishaji wa muziki, naye anataka nusu ya mrabaha wangu, yaani malipo ninayostahili nyimbo zangu zitumiwapo. Wenzangu wanasema mchapishaji ni wa vitabu, na kwamba mwenye studio amekwisha kufanya yote. Je, mtu huyu ana kazi gani, na taifa linamhitaji kwa lipi?

JIBU: Ndugu Mtunzi, wenzako hawakukosea kabisa, kwani kazi hii ilianza kwa kuchapa nota na kuziuza, ila leo nota ni sehemu ndogo tu ya kazi yenyewe. Wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake: utungo, yaani maneno na mahadhi, na sauti iliyonaswa studio. Mwenye studio hushughulikia sauti ile, ilhali mchapishaji huutumikia utungo, hata ukiimbwa na watu kumi kwa namna kumi. Huusajili, huuandika ulivyo, hutoa idhini kwa anayetaka kuutia katika filamu au tangazo, na hufuatilia mrabaha katika nchi ambazo wewe mwenyewe huwezi kufika.

Jambo hili lina uzito wa pekee hapa pwani, ambako mshairi na mwimbaji mara nyingi ni watu wawili. Marehemu Juma Bhalo aliimba mashairi mengi ya Ustadh Ahmad Nassir, na pasipo mtu wa kuusimamia utungo, jina la mwimbaji ndilo huenea pamoja na kanda huku la mshairi likibaki nyuma. Naliona hilo kuwa hasara ya taifa zima. Mwalimu wa kwaya anayetaka kuwafundisha vijana taarabu ya zamani hulazimika kurudisha kanda nyuma mara kwa mara na kunakili beti kwa kusikiliza. Na neno la Kimvita, lahaja ya Mombasa, asilolijua akalikosea, kosa hilo ndilo litakaloimbwa na wanafunzi wake.

Mchapishaji hodari husimama na mtunzi hata mahakamani. Mjini Paris, mwaka 1847, mtunzi Ernest Bourget aliketi na wenzake katika mkahawa uitwao Ambassadeurs, akasikia nyimbo zao zikipigwa ili kuwafurahisha wateja, naye akakataa kulipia kinywaji chake maadamu mwenye mkahawa halipii nyimbo. Shauri likafika mahakamani, mchapishaji Jules Colombier akawaunga mkono, haki ikawa upande wa watunzi, na mwaka 1851 kikaundwa chama cha SACEM, ambacho hadi leo hukusanya mirabaha nchini Ufaransa. Hoteli zetu za Nyali na Diani, zinazowapigia wageni muziki kila jioni, zinahusika na haki iyo hiyo.

Ama nusu unayoombwa, si jambo geni katika biashara hii, lakini usitie sahihi kabla ya kumwuliza ni nyimbo za nani amekwisha kuzisimamia na ni malipo gani amewaletea. Uangalie pia kama mkataba unamkabidhi haki zako moja kwa moja au unampa usimamizi tu kwa muda uliotajwa. Katika sheria ya Kenya, hakimiliki ya utungo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo unachokitoa leo ni cha wanao pia. Sajili tungo zako kwanza kwa jina lako katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kisha udai kifungu kinachosema kwamba, asipoufanyia utungo kazi yoyote kwa miaka mtakayokubaliana, haki zote zitakurudia. Akikikataa kifungu hicho, mrudishie karatasi zake.