Re: Kwa nini ngozi inalowa chini ya plasta ya kanula?

Dada, umesema plasta mbili za kanula (kale kamrija ka kupitishia dawa kwenye mshipa) zote zinaonyesha ndani ila moja ngozi inalowa mpaka inakuwa nyeupe, sasa hapo wakisema plasta "inapumua" kinachopimwa siyo hewa hasa, ni mvuke wa jasho unaopita kwenye plasta, usipopita vizuri ndo ngozi inalowa. Maabara wanatia maji kwenye kikombe chenye mdomo wa sentimita 10 za mraba, wanabana plasta juu kama kifuniko, wanapima uzito, kinakaa nyuzi 37 kwenye hewa kavu masaa 24 alafu wanapima tena. Kikipungua gramu 1 ndo gramu 1000 kwa mita ya mraba kwa siku. Ila uliza kikombe kilisimama au kilipinduliwa, maji yakigusa plasta namba inaweza kupanda sana, usilinganishe hizo mbili! Na huyo mgonjwa wako kona zikishabanduka badilisha, usingoje siku 7.