Maswali na Majibu: Mtoto Anapoumizwa Ndani ya Makao

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na jambo moja. Zimetoka kwa mlezi wa makao ya watoto, kwa mama wa malezi ya kambo, kwa kijana aliyepitia mahabusu ya watoto, hata kwa wafadhili wa kanisa. Wote wanataka kujua: mtoto akiumizwa na wale waliokabidhiwa kumlea, nani anachunguza, na anachunguzaje? Kabla ya safu hii nilikuwa afisa ustawi wa jamii kwa miaka mingi, na nimekaa kwenye mabenchi ya polisi na watoto wa namna hiyo. Nimejibu kwa sheria za Tanzania Bara. Zanzibar nimeigusa pale ilipoulizwa.

Shikamoo mama. Mimi ni mlezi wa zamu ya usiku. Mtoto wa miaka 9 ameniambia kuwa baba mmoja anayefanya kazi hapa "ananifanyia mambo mabaya stoo". Nilimweleza mkuu wa makao, akasema tuyamalize humuhumu tusije tukafungiwa, na kwamba kesho atamwita huyo baba waulizwe wote wawili. Nifanye nini? (Mlezi, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Usiisubiri hiyo kesho. Mtoto akiwekwa uso kwa uso na mtu anayemwogopa atakana, na kukana kwake ndiko kutakakoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Baada ya hapo atakayekuja kuchunguza atakuta "suala lilishaongelewa na mtoto mwenyewe alikanusha".

Piga 116 leo. Ni namba ya huduma ya simu kwa mtoto na haikati salio. Au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe taarifa hiyo kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Haisemi popote kwamba mlezi apate kwanza ruhusa ya mkuu wa makao.

La pili, usimhoji. Najua moyo unakuuma na unatamani kujua yote usiku huuhuu. Chukua daftari uandike maneno yaleyale aliyoyatamka: "ananifanyia mambo mabaya stoo". Usiandike "amelawitiwa", hilo ni neno lako. Andika tarehe, saa, mlikuwa wapi, nani mwingine alikuwepo. Niliwahi kusoma jalada ambalo mlezi mwenye huruma kabisa alimuuliza mtoto mara nne kwa usiku mmoja, "Alikushika hapa? Na hapa je?" Mahakamani wakili wa utetezi hakuhitaji zaidi ya swali moja: haya maneno ni ya mtoto au ni ya mlezi? Yule mama alilia kizimbani. Alikuwa amefanya kwa upendo, na upendo huo ndio uliotoboa kesi.

La tatu, hospitali. Kama jambo limetokea ndani ya siku tatu zilizopita, kila saa ina thamani yake, kwa sababu dawa za PEP za kukinga VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72. Asiogeshwe kwanza. Nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, usitumie nailoni, kwa maana nailoni hutunza unyevu na unyevu huoza ushahidi. Fomu ya polisi namba 3, PF3, itahitajika, lakini mtoto aanze kuhudumiwa wakati fomu inafuatwa. Mkiwa karibu na hospitali yenye kituo cha Mkono kwa Mkono, nendeni hapo: daktari, polisi na ustawi wa jamii wako chini ya paa moja, na mtoto hatasimulia upya kwenye kila dirisha.

Mwambie mtoto: nimekusikia, huna kosa, nitamwambia mtu atakayetusaidia. Usimwahidi kwamba itabaki siri yenu. Huyo baba naye ameshamwambia hivyohivyo.

Nani hasa anachunguza, polisi au ustawi wa jamii? Kwetu kila ofisi inasema nenda kule. (Msomaji, Tanga)

Wote wawili, ila kila mmoja ana swali lake. Afisa ustawi wa jamii anajiuliza: mtoto huyu yuko salama usiku wa leo? Mpelelezi wa polisi anajiuliza: kosa limetendeka, na limetendwa na nani? Swali la kwanza halisubiri jibu la pili. Ukiambiwa "tunangoja polisi wamalize" huku mtoto analala jengo moja na mtuhumiwa, dai kuonana na afisa ustawi wa jamii wa wilaya siku hiyohiyo. Sheria inamruhusu kuingia na kukagua akiwa na polisi, na mahakama inaweza kutoa amri mtoto atunzwe kwingine. Mimi siku zote nilipigania mtu mzima ndiye aondoke. Mtoto akihamishwa anapoteza kitanda, shule na rafiki aliyekuwa akilala kitanda cha juu yake, na wenzake wanajifunza kwamba anayesema ndiye anayefukuzwa.

Upelelezi ukifanywa vizuri hauishii kwa mtoto na daktari. Makao yana karatasi nyingi kuliko nyumba ya kawaida: rejesta ya zamu, daftari la wageni, daftari la dawa, orodha ya nani anashika funguo gani. Mtoto akisema "ilikuwa siku ya wali, mama Fulani hakuwepo", rejesta itaonyesha siku hiyo ni ipi. Nakumbuka daftari moja la zamu lililokuwa limechakaa lote, pembe zimekunjamana, isipokuwa ukurasa mmoja. Ukurasa huo ulikuwa mweupe, umebandikwa kwa gundi, na wiki nzima imeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Mpelelezi aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, hakusema neno. Ndiyo maana rejesta zichukuliwe siku ya kwanza. Wiki ya pili zinakuwa zimeshatengenezwa.

Sasa lile linaloniuma. Mara nyingi afisa anayetumwa kuchunguza ndiye aliyempeleka mtoto pale, au ndiye aliyekuwa akiyakagua makao hayo na kuandika kwamba hali ni nzuri. Sisemi wote ni wabaya, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini huwezi kuchunguza makosa ya usimamizi wako mwenyewe. Ombeni kwa maandishi apewe afisa wa halmashauri nyingine. Pia ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye mamlaka ya kukagua mahali wanapozuiliwa watu, watoto wakiwemo. Mwaka 2011 ilitoa taarifa ya ukaguzi wake wa sehemu wanakozuiliwa watoto, na haikuficha kwamba wapo waliofungwa pamoja na watu wazima.

Nalea mtoto wa miaka 12 kwa malezi ya kambo. Alieleza polisi aliyotendewa kwenye makao alikotoka. Mwezi uliofuata akaniambia, "Mama, nilidanganya." Mpelelezi anasema kesi imekufa. Imekufa kweli? (Mama mlezi, Arusha)

Haijafa, mama, na tafadhali usimkasirikie mtoto.

Fikiria yeye anasimama wapi. Mtoto wa nyumbani akisema baba wa jirani amemuumiza, jioni anarudi kwa mama yake. Mtoto wa makao akisema, jioni anarudi kwa haohao: wanaopika, wanaogawa daftari, wanaoamua nani aende likizo kwa shangazi. Ada yake, cheti chake cha kuzaliwa, hata picha yake ya utotoni viko kwenye kabati la ofisi ile. Na ndugu zake wa kukua nao bado wako ndani. Wako wewe ameshatoka, lakini je, ana mdogo wake aliyebaki? Rafiki? Uliza kwa upole kama kuna mtu aliyempigia simu au aliyemtembelea shuleni. Niliwahi kumsindikiza binti aliyefuta maneno yake yote, na baadaye tukajua alitumiwa salamu moja tu: "Ukiendelea, makao yatafungwa na wenzako watalala barabarani." Alikuwa akiwabeba watoto thelathini mgongoni.

Kwa hiyo mpelelezi mwenye ujuzi akisikia "nilidanganya" hafungi jalada. Anauliza nini kimetokea kati ya maelezo ya kwanza na ya pili. Anatazama kama maelezo ya kwanza yalikuwa na mambo ambayo mtoto asingeyajua bila kuyapitia, harufu, sauti ya kufuli, maneno aliyoambiwa. Anayapima na rejesta, na watoto wengine, na taarifa ya daktari. Kumbuka pia kwamba daktari kutokuona jeraha si ushahidi kwamba hakuna kilichotokea. Miili ya watoto hupona haraka.

Mahakamani nako mlango haujafungwa. Mtoto wa chini ya miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi kusema ukweli, na katika makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba ushahidi bora wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa. Imesema pia kwamba maneno yake si msahafu, lazima yapimwe. Ushahidi katika kesi hizi husikilizwa faragha, watu wa nje wakiwa wametolewa. Mwambie mtoto hilo. Wengi wanadhani watasimama mbele ya mji mzima.

Mpelelezi akishikilia msimamo wake, mwandikie mkuu wa upelelezi wa wilaya, nakala kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Uamuzi wa kushtaki au kutoshtaki ni wa waendesha mashtaka. Na mtafutie mtoto ushauri nasaha sasa, kesi iwepo isiwepo.

Mimi ni mwalimu wa makao. Nimesimamishwa kazi kwa tuhuma za uongo. Watu wameshanihukumu. Nina haki gani? (Singida)

Pole, kaka. Kusimamishwa si hukumu. Ni njia ya kuwaacha watoto waulizwe bila wewe kuwepo, na kama huna hatia itakusaidia, maana hakuna atakayesema uliwatisha. Una haki ya kuelezwa tuhuma, ya wakili, na ya kuhesabiwa huna hatia hadi mahakama iseme vingine. Andika ulikokuwa siku zinazotajwa na nani alikuona. Usimpigie mtoto, usimtume mtu kwake, hata kwa nia ya kupatana.

Nilikaa mahabusu ya watoto nikiwa na miaka 14. Sasa nina 27. Yaliyonipata kule sijawahi kumwambia mtu. Nimechelewa? (Kijana, Mbeya)

Hujachelewa, na ahsante kwa kuniamini. Makosa makubwa ya jinai kama ulawiti hayafi kwa kupita miaka. Kigumu ni ushahidi, si sheria. Mwanzo wake ni karatasi: amri ya mahakama iliyokupeleka pale, rejesta ya kuingia na kutoka, majina ya mliokuwa bweni moja. Nenda Dawati na mtu unayemwamini, na uombe kuongea na askari unayejisikia huru naye, awe wa kike au wa kiume.

Nikueleze jambo la mbali kidogo. Nyuzilandi iliunda tume mwaka 2018 kuchunguza watoto na watu wengine walioumizwa katika malezi ya serikali na ya dini tangu 1950. Taarifa ya mwisho ilitoka Julai 2024: kati ya watu wapatao 655,000 waliopitia malezi hayo hadi 2019, inakadiriwa 200,000 hivi walinyanyaswa. Novemba mwaka huohuo waziri mkuu, Christopher Luxon, aliomba radhi bungeni. Waliokuja kusema mbele ya tume walikuwa wazee wenye wajukuu, na wengine walikuwa wakilitamka kwa mara ya kwanza. Nchi yao iliwasikiliza wakiwa na miaka 60 na 70. Wewe una 27.

Na huku Zanzibar? (Mama, Mwanakwerekwe)

Sheria yenu ni ya Mtoto ya mwaka 2011, na 116 inafanya kazi kwenu pia. Mna kituo cha Mkono kwa Mkono Hospitali ya Mnazi Mmoja, na kuna mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji. Niliyomwambia mlezi wa Morogoro kuhusu kutomhoji mtoto yanawahusu vilevile.

Kanisa letu linapeleka misaada kwenye makao kila Krismasi. Tutajuaje watoto wako salama? (Kikundi cha akina mama, Moshi)

Ombeni kuona leseni ya makao iliyotolewa na Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na tarehe yake. Bila leseni, makao hayo yanavunja sheria, hata mwenyewe awe mcha Mungu namna gani. Ulizeni kila mtoto ameletwa kwa karatasi gani. Mtoto aliyeletwa "na mjomba tu" bila ustawi wa jamii kujua hana mtu wa kumfuatilia. Ulizeni nani hulala karibu na watoto usiku, wangapi, na kama wageni huachwa peke yao na mtoto. Msikubali kuachwa nao nyinyi wenyewe.

Kisha tafuteni namba 116 imebandikwa wapi. Katika makao mamoja niliikuta ofisini kwa mkuu, nyuma ya mlango. Nilimwomba gundi, nikaibandika bwenini, kwenye ukuta ulio mkabala na vitanda, usawa wa macho ya mtoto wa darasa la pili.