Madeni ya zamani na klirensi: maswali yenu ya wiki hii

Ndugu zangu mlio huku Marekani, mnaoingia jeshini na kwenye kampuni za kontrakta wa serikali, wiki hii wengi mmeuliza kitu kimoja: deni la zamani linaua klirensi, yani kile kibali cha kuona siri za serikali? Mi nimepita humo, najibu nilivyoyaona.

Niliacha kulipa kadi ya benki 2021, ndo basi tena?

Hapana. Hamna sehemu imeandikwa kwamba ukidaiwa dola kadhaa umefeli. Wanatumia mwongozo unaoitwa SEAD 4, ulioanza Juni 2017, una vipengele 13 na mambo ya pesa yako kipengele F. Wanachoogopa ni kwamba mtu aliyebanwa na madeni anaweza kushawishika kuuza siri, na kama hulipi huku uwezo unao basi hata sheria za kutunza siri utazichukulia hivyohivyo. Kwahiyo wanataka kujua ilikuwaje na baada ya hapo ulifanya nini. Kufukuzwa kazi, ugonjwa wa ghafla, talaka, msiba, kuibiwa utambulisho, hayo yote wanayaelewa ila yenyewe hayatoshi. Mi langu lilikuwa la hospitali, dola 3,800, nikapatana nao nalipa 60 kwa mwezi, virisiti nikawa natupia kwenye boksi la viatu. Mpelelezi alipokuja nikalimwaga lote mezani jikoni, akaanza kuvipanga kwa tarehe kimyakimya, kimoja kina doa la chai, akamaliza akaniuliza habari za safari zangu. Hospitali hakuirudia tena.

Nilimdhamini binamu kwenye mkopo wa gari, kaacha kulipa kahamia jimbo lingine. Hilo nalo langu?

Lako, pole sana. Fomu ya SF-86, ile unayojaza ukiomba klirensi, sehemu ya 26, inataka hata madeni uliyosaini kama mdhamini, kama yamechelewa zaidi ya siku 120 sasa hivi au ndani ya miaka 7. Undugu wetu huu bwana! Ongea na mkopeshaji mpange malipo, na meseji za binamu zitunze.

Deni lishatoka kwenye ripoti ya krediti, si ninyamaze tu?

Usithubutu. Kutoka kwenye ripoti siyo kulipwa, na majaji wa kesi hizi wameshasema mara nyingi kwamba kukaa ukisubiri deni lizeeke hakuhesabiki kama juhudi ya kulipa. Na ukificha kwa makusudi unahama kutoka kwenye pesa unaingia kwenye uongo, ambao una kipengele chake, E, halafu kudanganya kwenye ile fomu ni kosa la jinai la hadi miaka 5 jela. Watu wanakosa kibali kwa deni ambalo wangelisema tu lingepita, inaniuma kweli. Kabla hujajaza vuta ripoti zako zote tatu, Equifax, Experian na TransUnion, ni bure AnnualCreditReport.com.

Sijafaili kodi miaka miwili ila nadhani sidaiwi kitu.

Faili wiki hii hii. Kutofaili kwenyewe ni tatizo hata kama hudaiwi senti, na kama unadaiwa omba IRS, yani mamlaka ya kodi, wakupangie awamu, ule mkataba ndo utauonyesha.

Kila mwezi namtumia mama hela nyumbani, itaniharibia?

Siyo deni hilo. Ila fomu inauliza kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani, kwahiyo mwandike mama.

Nina green card tu.

Kwa kawaida klirensi ni ya raia, anza na uraia.

Nafanya kazi kwa kontrakta, nimeletewa barua ya sababu za kutaka kuninyima. Nifanyeje?

Una siku 20 kujibu. Unajibu hoja mojamoja, unakubali au unakataa na kueleza, chini ya kiapo, unaambatanisha risiti, halafu unasema unataka kusikilizwa mbele ya jaji au waamue kwa maandishi. Ukiweza tafuta mwanasheria wa mambo haya haya, siyo yule wa uhamiaji mnayemjua wote. Na siku zinahesabiwa tangu uipokee, kwahiyo kama bado iko juu ya friji nenda kaichukue sasa hivi.