Postman inapata jibu, kivinjari kinakataa: kuruhusu CORS kwenye Django

Swali: Nimetengeneza API kwa Django REST Framework, iko https://api.example.com. Upande wa mbele ni React, bado nauendesha kwenye kompyuta yangu kwa http://localhost:5173. Nikituma POST kwa Postman napata jibu bila shida. Kivinjari kinasema ombi limezuiwa na CORS (kanuni za kivinjari kuhusu ukurasa wa asili moja kusoma majibu ya asili nyingine) kwa kukosa kichwa (header) cha Access-Control-Allow-Origin. Nimeongeza kichwa hicho kwenye fetch, hali ni ileile. Nifanye nini?

Jibu: Kwanza kiondoe ulichoongeza kwenye fetch. Kichwa hicho hutoka kwa seva kwenda kwa kivinjari. Ukikituma wewe, kivinjari kinakiona kama kichwa kisicho cha kawaida na kudai ruhusa ya seva kwa ajili yake pia. Postman haifanyi ukaguzi huu kabisa, kwa hiyo jibu lake linathibitisha tu kwamba API inafanya kazi.

Kivinjari kinatambua asili ya ukurasa kwa vitu vitatu: itifaki, jina la seva na namba ya poti. Kimoja kikitofautiana, hiyo ni asili nyingine. Hata localhost na 127.0.0.1 ni asili mbili. Na kwa kuwa unatuma application/json, kabla ya POST kivinjari hutanguliza ombi la OPTIONS kuuliza kama asili, njia (method, kama POST) na vichwa vyako vinakubaliwa. Ombi hilo halibebi kuki wala tokeni. Ndiyo maana seva inayodai utambulisho kwa kila ombi hulijibu 401 (hujajitambulisha), na POST yenyewe haitumwi.

Usiandike vichwa hivi kwa mkono ndani ya kila view. Sakinisha kifurushi kilichopo:

`pip install django-cors-headers`

Kisha kwenye settings.py:

```
INSTALLED_APPS = [..., "corsheaders"]

MIDDLEWARE = [
    "corsheaders.middleware.CorsMiddleware",
    "django.middleware.security.SecurityMiddleware",
    ...
]

CORS_ALLOWED_ORIGINS = [
    "http://localhost:5173",
    "https://app.example.com",
]
```

Mpangilio wa MIDDLEWARE, yaani matabaka ambayo kila ombi hupitia kutoka juu kwenda chini, ndipo wengi wanapokwama. CorsMiddleware ikae juu kabisa, hasa juu ya CommonMiddleware na WhiteNoise (hutoa faili tuli) ikiwa unaitumia. Tabaka lililo juu yake likitoa jibu lenyewe, jibu hilo linaondoka bila vichwa vya CORS. Mfano ni SECURE_SSL_REDIRECT: ikilielekeza OPTIONS kwenda https, kivinjari kinakataa papo hapo, kwa sababu ombi la kutangulia haliruhusiwi kuelekezwa kwingine.

Andika asili bila mkwaju wa mwisho, "https://app.example.com/" ni kosa, na `python manage.py check` italionyesha. Authorization na content-type zimesharuhusiwa. Ukiwa na kichwa chako mwenyewe, kiongeze kwenye CORS_ALLOW_HEADERS pamoja na default_headers, usizifute zile za mwanzo.

Utashauriwa uweke CORS_ALLOW_ALL_ORIGINS = True uendelee na kazi. Kwa API ya umma isiyotumia kuki, sawa. Lakini ukiiunganisha na CORS_ALLOW_CREDENTIALS = True, kifurushi hiki hakitumi nyota (`*`, yaani asili zote), kinarudisha asili yoyote iliyouliza. Hapo tovuti ya mtu yeyote inaweza kusoma data za mtumiaji aliyeingia kwako, mradi kuki zinaruhusiwa kuvuka tovuti. Nakusihi usifanye hivyo. Kuongeza mstari mmoja kwenye orodha ni kazi ya sekunde chache.

Ukitumia kuki za session badala ya tokeni, weka `credentials: "include"` kwenye fetch na CORS_ALLOW_CREDENTIALS = True. Ongeza asili hiyo kwenye CSRF_TRUSTED_ORIGINS pia, ikiwa na itifaki yake, kwani tangu Django 4.0 jina tupu halikubaliki. CORS na CSRF (kinga dhidi ya maombi ya kughushi kutoka tovuti nyingine) ni vitu viwili. Kufungua kimoja hakufungui kingine.

Pima kabla ya kurudi kwenye React:

```
curl -i -X OPTIONS https://api.example.com/oda/ \
  -H "Origin: http://localhost:5173" \
  -H "Access-Control-Request-Method: POST" \
  -H "Access-Control-Request-Headers: content-type"
```

Unatakiwa uone Access-Control-Allow-Origin mara moja tu. Ikitokea mara mbili, huenda Nginx, seva iliyo mbele ya Django, nayo inaiongeza, na kivinjari kitakataa jibu hilo. Ondoa ya Nginx, uiachie Django.

Kuna kosa moja linalojificha nyuma ya ujumbe huu. Maombi madogo yanapita, lakini mtumiaji akipakia picha kubwa, kivinjari kinalalamikia CORS. Nginx ina kikomo cha MB 1 kwa mwili wa ombi isipobadilishwa. Ukizidi, yenyewe inajibu 413 (ombi ni kubwa mno) na Django haipati habari, hivyo vichwa havipo. Dawa ni `client_max_body_size 10m;` au kiasi kinachokutosha, si kugusa CORS. 502 nayo hutokea vivyo hivyo gunicorn, programu inayoendesha Django nyuma ya Nginx, ikianguka. Ujumbe ukija kwa baadhi ya maombi tu, fungua logi za Nginx uangalie namba ya jibu kabla hujabadilisha chochote kwenye settings.py.