Uji wa wimbi na gluteni

Dada, umeuliza kama uji wa wimbi unaokuvuruga tumbo una gluteni, ile protini ya baadhi ya nafaka. Wimbi halina gluteni kwa asili yake, wala mtama, mahindi na muhogo. Gluteni hupatikana katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, kwa hiyo uji unaokuvuruga tumbo huenda ulichanganyika na ngano kwenye kisiagi. Mimi naishi na ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni hudhuru utumbo, hapa Kisumu, na niliacha kusagisha sokoni nilipoona mashine ileile ikipitisha ngano ya mteja aliyenitangulia, kisha wimbi langu likamiminwa bila hata kupanguswa. Sasa nanunua wimbi zima, nalichagua, nalisaga nyumbani kwa mashine ndogo isiyoguswa na ngano.

Unga wa uji wa pakiti usome mpaka mwisho, kwa kuwa baadhi ya michanganyiko ya lishe hutiwa ngano, na maandishi kwamba bidhaa haina ngano hayatoshi kwa sababu shayiri inaweza kuwamo. Neno kimea kwenye lebo kwa kawaida humaanisha shayiri (kile cha pombe ya busaa ni cha wimbi, hilo ni jambo jingine). Sosi ya soya na soseji nazo mara nyingi huwa na ngano. Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo.

Ikiwa bado hujapimwa damu kuangalia siliaki, usiache ngano kwanza, kwani kipimo kinaweza kukosa kuonyesha ugonjwa.